Kesi ya Mzee wa Kitabuni

Kijiwe chetu kiko Nkubu, kwenye baraza ya duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Ruiri kufuga ng'ombe. Benchi ni langu, kwa sababu cherehani iliyo kando yake ni yangu, lakini wanaolikalia hawapendi kukumbushwa. Yuko Felicitas, anayeuza chai ya thamosi; ndiyo, chai, maana sisi kahawa tunailima tu, kuinywa hatujui. Yuko Runji, fundi wa baiskeli kutoka Manyatta kule Embu, tunayemwita Spoku, mwenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa baiskeli yako uliyomwachia. Yuko Mwalimu Mbaka, mstaafu, jina lake la hapa ni Kurasa. Na yuko Mzee Kaberia, ambaye tunamwita Kamati, kwa sababu mwaka wa sitini na sita alikaa kwenye kamati ya ukoo iliyogawa mashamba yalipopimwa, na miaka kumi na saba baadaye bado anakaa katikati ya benchi kama anasubiri wazee wenzake wafike.

Agosti ya mwaka huo wa themanini na tatu, kila Jumamosi mchana, Mwalimu alikuwa akitusimulia riwaya nene ya Kiingereza, iliyoandikwa miaka zaidi ya mia iliyopita. Kurasa za mbele zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo jina lake hatukulijua wala la aliyeiandika. Mwalimu alisoma ukurasa kwa macho, kisha akatupa Kiswahili chake, na sisi tukapigania kilichobaki.

— Mwalimu, wiki iliyopita ulituacha pabaya, Felicitas alianza huku akimimina. Yule Mzungu amefiwa na ndugu yake. Halafu?

— Mzungu yupi? Runji aliuliza. Huko si wote ni Wazungu?

— Yule Mzee wa Kanisa, mwenye shamba kubwa, Mwalimu alisema. Sikilizeni. Ndugu yake aliacha karatasi. Ilisema nusu ya shamba ni ya mjane wake na mabinti zake. Aliyeiona karatasi hiyo ni Mzee wa Kanisa peke yake. Akaificha ndani ya jalada la Biblia ya nyumbani. Shamba lote likawa lake.

— Mwizi! Runji alisema. Kesi imekwisha. Leta chai.

— Ngoja, Spoku. Huyu mtu ni mwema. Amejenga shule. Baridi ikija anawagawia maskini makaa. Na kila jioni anawaita watu wa nyumba yake, anawasomea Biblia ile ile.

— Ile ile yenye karatasi?

— Ile ile. Miaka thelathini.

Felicitas alimimina chai mpaka ikamwagika kwenye sahani, na hakuna aliyemwambia. Mimi nilimfikiria huyo mwandishi. Mtu amekufa zamani, hajawahi kuiona Nkubu, hajui hata kama tupo, halafu anakaa huko kwenye baridi yake na kuandika jambo ambalo ukilisikia unaangalia nyuma kuona ni nani amekuchungulia. Nilishangaa sana, na hata leo sijaacha kushangaa.

— Aliyeandika hii ni mwanamke, Felicitas alisema.

— Umejuaje? Kurasa za mbele hazipo.

— Mwanamume angeficha karatasi chini ya godoro.

— Mimi swali langu ni moja, Runji alisema. Kwa nini hakuichoma? Karatasi moja tu, kiberiti kimoja. Si angechoma alale?

Hapo ndipo chai yetu ilipopata kazi.

— Nitawaambia, Runji alijijibu. Kule mvua hainyamazi. Moto haushiki.

— Nimetoka kusema wana makaa, Spoku.

— Basi karatasi za zamani zilikuwa za ngozi. Ukichoma ngozi inanuka. Mke wake angetoka kuuliza ni nani anachoma mbuzi bila kuita watu.

Tulicheka, naye akapata nguvu.

— Tena nawaambia kitu kingine. Hizo nyumba kubwa za kule, zote ziko na karatasi kama hiyo. Ndio maana walijenga makanisa marefu hivyo. Unafikiri mtu anainua mawe mpaka kwa mawingu akiwa hana kitu kwa Biblia yake?

— Wacha wewe! Felicitas alisema. Hakuichoma kwa sababu alitaka ionekane. Mtu akitaka kitu kipotee hakiweki mahali anaposhika kila jioni. Alikuwa anamngoja mke wake aifungue.

Mimi nikasema labda alikuwa akijipa adhabu, kila usiku kidogo. Mwalimu akasema kwa waandishi wa zama zile mtu hakuwa mwema wala mwovu, alikuwa vyote viwili kwenye koti moja, na kijiji kizima kikimvulia kofia. Kaberia aliweka kikombe chini. Ghafla akasema:

— Nyinyi hamumjui huyo mtu.

— Wewe unamjua? Runji aliuliza.

— Mtu hawezi kuchoma maneno ya ndugu yake. Mnaongea tu.

— Kumbe ana mtetezi! Basi tumshtaki, Runji alisema na kupiga paja. Leo leo.

Kijiwe chetu kilikuwa na sheria moja tuliyoichukua kwa wazee: mtu hahukumiwi akiwa hayupo, mpaka mtu wa upande wake akae mahali pake na ajibu kama yeye. Tulishawahi kumhukumu hivyo refa wa mpira, na fisi mmoja wa Tharaka. Mzee wa Kanisa hakuwa na ukoo Nkubu, lakini alikuwa na Kaberia. Nilivuta kigoda cha wateja wangu nikakiweka mbele ya benchi. Kaberia alikitazama sana kabla ya kukikalia.

Wakati huo huo alifika Kiende, binti wa marehemu ndugu yake Kaberia. Anaishi na mama yake, Ciakuthii, kwenye kipande kidogo upande wa juu wa shamba, ambacho Kaberia aliwaachia wajenge. Alikuja kuchukua gauni la mama yake, nami nilikuwa bado na upindo. Nikamwambia angoje kidogo, tuna kesi. Akaketi mwisho wa benchi.

— Wewe Mzee wa Kanisa, Runji alianza, sauti ya hakimu, ulimwibia mjane?

— Sikuiba, Kaberia alijibu. Niliandikiwa. Walisema mabinti wataolewa, shamba la nini?

— Akina nani walisema?

— Wote. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

— Uliwaambia ndugu yako aliacha neno?

— Sikuwaambia. Waliniuliza mara moja tu. Wangeniuliza mara ya pili, labda.

Mwalimu aligeuza kurasa mbili nyuma, akakunja uso. Runji hakuona, alikuwa amenogewa na kesi yake.

— Sasa tuambie. Kwa nini hukuichoma?

Kaberia aliangalia mikono yake.

— Kila mwaka mvua ikikaribia nilienda pale na jembe. Nikasema, mwaka huu ni huu. Nikifika nauona mkono wake ukinionyesha, kutoka kwa mti wa muringa mpaka mtoni. Narudi nyumbani. Sijapanda hapo hata shina moja la kahawa.

— Kahawa? Mwalimu aliuliza. Kitabuni hakuna kahawa, Mzee. Kule ni ngano na kondoo.

Runji alianza kucheka, kisha akageuka kutazama upande wa mtoni. Nkubu nzima inazijua zile nyasi za Kaberia, kuanzia muringa kushuka mpaka mtoni, ardhi nyeusi nzuri isiyoguswa na jembe wakati sisi wengine tunalima mpaka ukingo wa barabara. Tulikuwa na maelezo yetu. Kuna aliyesema pana maji chini, kuna aliyesema pana joka. Mimi nilisema ni uvivu, na nilisema mara nyingi.

— Nimefundisha vitabu hivi miaka thelathini, Mwalimu alisema taratibu. Eleza tabia ya mhusika mkuu, alama kumi. Nilikuwa nikisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mungu wangu.

— Mzee, toka kwa kigoda, Felicitas alisema. Tulikuwa tunacheza tu.

— Mimi sikuwa nacheza, Kaberia alisema. Tangu Jumamosi iliyopita, yule ndugu alipokufa kitabuni, sijalala vizuri. Nilimuuliza Mwalimu ni nani alimwambia huyo mwandishi habari za ndugu wawili na shamba, akafikiri natania. Ndugu yangu alinionyesha ile sehemu akiwa kitandani, asubuhi aliyokufa, akasema ni ya mke wake na mabinti. Hakukuwa na karatasi. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

— Hamkuwa wawili, Baba Mkubwa.

Tulikuwa tumemsahau Kiende. Kaberia aligeuka juu ya kigoda, na nilimwona akizeeka hapo hapo.

— Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, Kiende alisema, anakoroga uji wa baba. Alisikia yote. Muringa mpaka mtoni.

— Alisikia? Na hakusema?

— Aseme wapi? Kwa kamati mwanamke hakuitwa kusema. Na kamati ilikuwa wewe.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali, tungemwambia atulie, tukapata la kufanya.

— Ananilaani? Kaberia aliuliza.

— Hajawahi. Anakuombea, hata sisi tunashangaa. Lakini tukishuka mtoni kuteka maji lazima asimame kwa zile nyasi. Anauliza swali moja, na mimi sijui kumjibu.

— Swali gani?

— Anauliza: hakulima, na hakuturudishia. Sasa alikuwa anangoja nini?

Runji, aliyejua kwa nini makanisa ya Ulaya ni marefu, alitoa spana mfukoni, akaanza kuifuta. Nami nilikuwa nimekaa mchana kutwa nikimsifu moyoni yule Mzungu kwa kutochoma karatasi, nikaona ni jambo kubwa, na wala sikuwa nimemuuliza mtu yeyote mjane wake aliishi wapi hiyo miaka thelathini. Mwalimu alivaa miwani, akafungua kitabu, akaanza kupekua mbele na nyuma kwa haraka.

— Funga, Mwalimu, Felicitas alisema. Hilo halimo humo.

Akafunga.

— Mwambie mama yako, Kaberia alisema. Mwambie nitakuja tuongee.

— Hilo ulimwambia siku ya mazishi, Baba Mkubwa.

Kaberia alishika ukingo wa benchi langu, akajiinua, akasema:

— Basi twende sasa hivi.

Walishuka pamoja kuelekea upande wa kwao, yule mzee akijitahidi kwenda sawa na binti. Runji alisimama ili awafuate asikie jibu, nami nikamshika koti, nikamkalisha.