Fundi Hakikisha na Kambi ya Akiba

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa lifti. Jina lake huenda hamlijui, ila kama umewahi kupanda lifti ya lile jengo la ghorofa tisa la hapa mjini, umepita mikononi mwake. Wenzake walimwita Hakikisha. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka arobaini na mitano, kambini, kwenye mafunzo ya jeshi la akiba. Narudia: alikuwa fundi wa lifti, na alifia kambini.

Askari wa akiba, kwa asiyejua, ni mtu mwenye kazi yake ya kila siku. Siku fulani anavaa sare, anafanya mazoezi, anarudi kazini. Akihitajika, anaitwa. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa. Nasema tulivyoelezwa, na ninasema makusudi.

Hakikisha alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kugusa waya wowote, alizima swichi kuu kwa mkono wake, akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfuko wa shati. Ukimwambia, "Fundi, nimeshazima," anakushukuru vizuri, kisha anashuka ghorofa zote tisa kwenda kutazama. Nyumbani alikuwa yule yule. Mkewe ameniambia, "Nikisema mlango nimefunga, anainuka kwenye kiti kwenda kuutikisa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, mimi na huo mlango hatujawahi kuaminiwa." Akacheka.

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje akiba? Afisa mmoja alifika kwenye karakana yao, viatu vinang'aa, mkononi vipeperushi. Kila mtu kwenye vile vipeperushi anacheka. Mimi karatasi ambayo kila mtu anacheka hunitia wasiwasi. Lakini nisijitoe lawamani. Tangazo lao la kuita watu akiba hupita hapa hapa kwetu kila asubuhi, na sauti mnayoisikia ni yangu. Nililisoma lote bila kuuliza swali hata moja.

Yeye aliuliza. Nikiumia, nani atanitibu? Nikiitwa, kazi yangu nitaikuta? Muda wangu ukiisha, mnaweza kuniongezea bila ridhaa yangu? Alitaka kila jibu kwa maandishi, akapewa. Akampa na mwajiri wake asome. Ndipo akatia sahihi. Ukitazama haraka, utasema hakuacha kitu. Aliacha kimoja. Kwa kuwa walimtaka kwa ajili ya ufundi wake, alidhani ataingia mzima mzima, pamoja na mazoea yake yote. Hakuuliza kama kule ndani ataruhusiwa kuendelea kuwa na shaka.

Yaliyotokea Jumanne nimeyapata kwa fundi mwenzake aliyekuwa naye kambini. Pampu ya maji iligoma, Hakikisha akaitwa. Kufuli lake lilikuwa limebaki langoni, maana vitu vya nyumbani haviingii. Akaomba ruhusa aende kuitazama swichi, ambayo ilikuwa jengo la pili. Sajini akamjibu mbele ya kikosi, "Nimezima mwenyewe. Au mimi mwongo?"

Mwenzake anasema Hakikisha alisimama kidogo. Kisha akasema, "Hapana, afande." Akaingiza mikono. Kule jengo la pili mtu mwingine alihitaji umeme, akaikuta swichi imezimwa, haina kufuli wala kibao cha onyo. Akaiwasha.

Siku ya tatu familia ikapokea barua ya jeshi. Barua inasema marehemu hakufuata taratibu za usalama. Hakikisha huyu huyu, wasikilizaji wapendwa, ambaye hakuamini hata mlango. Nilipiga simu ofisini kwao. Nikaambiwa uchunguzi unaendelea. Nikauliza, kama uchunguzi unaendelea, barua imemjuaje mkosaji? Simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo limeninyima raha. Binti yake ana miaka ishirini na mmoja, ni muuguzi. Naye alikuwa ameshajaza fomu ya akiba, upande wa tiba. Ilibaki sahihi tu, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa hii. Mama yake hakumkataza. "Nikimkataza atasaini kwa hasira," aliniambia. Binti mwenyewe aliniuliza, "Anko, baba alikosea wapi? Si alisoma kila kitu?"

Alhamisi akarudi kwenye ofisi ya kuandikisha akiba, peke yake. Akauliza swali moja: "Mkubwa wangu akisema mgonjwa huyu ameshapimwa, nami nina shaka, naruhusiwa kumpima tena?" Afisa wa pale akacheka, wala si kwa ubaya. Akamwambia, "Binti yangu, ukianza hivyo hutatufaa." Binti akaomba fomu yake, akaikunja, akatoka.

Sisi wa kipindi hiki tunawapa pole mke wa marehemu, binti yake na mafundi wote waliofanya naye kazi. Tumepoteza mtu mwangalifu, na inauma. Na wewe mwenye fomu mezani, mimi sikukatazi. Wapo walioingia wakatumikia vizuri wakarudi salama. Ila kaulize, na unapouliza mtazame usoni anayekujibu. Lile tangazo, nimeomba sauti yangu itolewe.

Jana nilipita kwa mama yake binti kumpa mkono wa pole. Tukayazungumza maneno ya yule afisa, hutatufaa, nami nilitegemea kumkuta amekasirika. Akasema, "Yule amesema kweli. Laiti na baba yake wangemwambia hivyo hivyo."