Bondia Kwenye Kiti cha Kinyozi

Nje ya duka la Kinyozi kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, na wanaolikalia kila siku wanajua ni upande upi wa kumwachia mgeni. Mlango wa duka hauna desturi ya kufungwa, kwa hiyo aliye ndani anasikia yote ya nje. Ila Kinyozi ana mwiko wake: haongei mashine ikiwa inanguruma. Akitaka kusema kitu, anaizima kwanza, mteja anabaki na kichwa nusu shamba nusu uwanja. Basi mashine ikinyamaza, na benchi linanyamaza. Wiki hii hata mashine imekuwa haisikiki vizuri, maana amekufa bondia Nyundo, bingwa wa zamani wa huko ng'ambo, na kila redio inamzika upya. Jana usiku redio moja ikafukua mahojiano yake ya zamani. Humo marehemu anasema, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba mweusi na mweupe wakioana wanazaa mtoto asiye na kwao. Jambo hilo lingepita kama mengine, isipokuwa kwa mambo mawili. Mke wa Kinyozi ni mweupe, binti wa fundi saa wa barabara ya pili, kazaliwa na kukulia hapa hapa. Na ukutani mwa duka, nyuma ya kiti, imetundikwa picha ya Nyundo.

Asubuhi hii walikuwepo watatu. Redio, ambaye hajawahi kuonekana bila kiredio chake cha betri sikioni. Kocha, muuza viatu vya mitumba, ambaye hajawahi kumfundisha mtu mchezo wowote. Na Wakili, aliyestaafu kazi ya kufagia mahakama akaondoka na misamiati yote. Mama Kahawa alikuwa anazungusha vikombe. Mimi nilikuwa nimesimama na changu, maana upande uliobaki ulikuwa ule wa mguu wenye waya.

— Nimeyasikia kwa sikio langu, alisema Redio. Hili hili. Kasema hana kwao.

— Kauli ya redioni si ushahidi, alisema Wakili. Marehemu hawezi kuhojiwa. Kesi inafutwa.

— Nani kafungua kesi? aliuliza Mama Kahawa.

— Kesi ipo. Shemeji analeta mtoto leo.

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Mtoto wa Kinyozi ameshaanza kukaa mwenyewe, na nywele zake zimemfunika masikio. Baba yake alitangaza tangu mwezi uliopita kwamba leo ndiyo siku ya kumnyoa kwa mara ya kwanza, kwenye kiti hiki hiki, mbele ya kioo hiki hiki. Na yeyote anayekaa kwenye kiti hicho, akitazama kioo, anaona vichwa viwili: chake, na cha Nyundo juu ya bega lake.

— Jamani, alisema Kocha, mnasahau kitu kimoja cha kitaalamu. Makonde. Mtu anapigwa kichwani miaka nenda rudi, unategemea atoe hotuba? Yale hayakuwa maneno ya Nyundo, yalikuwa makonde yanaongea.

— Mahojiano yale ni ya kabla hajapata ubingwa, alisema Redio. Wakati ule hakuna aliyekuwa amemgusa hata pua.

— Mazoezini je? Mazoezini ndiko wanakoharibika. Wewe utajuaje, hujawahi kuvaa glovu.

— Na wewe umevaa lini?

— Mimi ni Kocha.

Mama Kahawa alimmiminia, labda ili anyamaze. Haikusaidia.

— Mimi nawaambia ilikuwa biashara, alisema Redio. Kule wanauza tiketi kwa chuki. Ukisema nawapenda watu wote, ukumbi nusu tupu. Ukisema siwataki hawa, wao wanakuja waone ukipigwa, na wenzako wanakuja waone unavyopiga. Promota kamwandikia, kasoma.

— Kasoma wapi? Nyundo hakuwa mtu wa kusoma, alisema Kocha. Ndio maana nina shaka hata kama ni yeye. Sauti inaigwa. Kuna watu kazi yao kuiga sauti. Wapinzani wake walikuwa na hela. Ukisikiliza vizuri ile sauti ina mafua. Nyundo hakuwahi kuugua mafua.

— Sasa mafua nayo umempima?

— Mtu anayekimbia alfajiri kila siku mafua yatampatia wapi?

Wakili alikohoa kama mtu anayesubiri karani aandike.

— Waheshimiwa, ukweli uko kwingine. Mwanamume akipiga sana kelele dhidi ya kitu, mfuatilie nyumbani kwake. Mimi naona Nyundo alikuwa na mwanamke mweupe mahali, na pengine mtoto. Akatoa ile kauli kumficha. Ukinyoosha kidole kule, hakuna atakayetazama huku.

Benchi likapendezwa. Redio hata akapunguza sauti ya kiredio. Walikuwa wameshampa yule mwanamke nyumba na bustani, na Kocha ameshamtafutia mtoto shule, ndipo Mama Kahawa akauliza:

— Kwa hiyo alitukana watoto wa wenzake ili wake asijulikane? Na hilo ndilo la kumtetea?

Nyumba ikabomoka, bustani ikaota majani. Wakili akasema alikuwa anafungua mlango tu wa hoja, hajasema anaingia.

Ndani, mashine ikazimwa.

Kinyozi alitokea mlangoni, na brashi ya nywele mkononi. Mteja wake, kijana wa benki mwenye haraka, alikuwa anatuangalia kupitia kioo na kichwa chake cha nusu.

— Mnajua ile picha imetoka wapi? aliuliza.

Tulijua kipande kipande.

— Baba yangu alikuwa mfagiaji kwenye saluni ya watu weupe mjini. Kazi yake kukusanya nywele zao. Kunyolewa pale yeye hawezi, mweusi haruhusiwi kukaa hata kiti cha kusubiria. Alijifunza kunyoa kwa kuchungulia huku anafagia. Sasa siku hiyo gazeti likaja na picha ya Nyundo. Kaingia kwenye saluni kama ile ile, huko kwao, kakaa kitini. Wamekataa kumnyoa. Kajifunga shuka mwenyewe shingoni, kakaa. Wakafunga duka, kesho yake karudi, kakaa tena. Mpaka wakamnyoa.

— Ile ndiyo picha yenyewe, alisema Redio taratibu.

— Ndiyo hiyo. Baba akaikata. Kesho yake akafika kazini, akaweka ufagio pembeni, akakaa kitini. Walimfukuza kabla kiti hakijapata joto. Akaja hapa, akafungua duka na kiti kimoja. Miaka yote kabla ya siku ile walikuwa wanamwita boi. Baada ya siku ile hakumwitikia tena mtu aliyemwita hivyo, awe mteja, awe askari. Kwa hiyo mkiniambia nishushe picha, mnaniambia nishushe duka.

— Hakuna aliyesema ushushe, alisema Kocha.

— Jana usiku mke wangu alikuwa ananyonyesha, redio iko pale kabatini. Yale maneno yakapita. Hakusema kitu. Aliinuka na mtoto ziwani, akaizima, akarudi kukaa. Nimekaa naye miaka, najua anavyonyamaza akichoka na anavyonyamaza akikasirika. Ile ilikuwa nyingine, siijui.



— Sasa unafanyaje? nilimuuliza.

— Ndio nawasikiliza nyie, toka asubuhi. Naona mmefika kwenye mafua.

Akarudi ndani, akawasha mashine. Kijana wa benki alishusha mabega.

— Tuseme ukweli basi, alisema Wakili, na safari hii hakukohoa. Yule mtu alifungiwa milango yote. Mtu ukimfungia sana, na yeye mwishowe anajifungia kwa ndani. Anasema sawa, hamnitaki, na mimi siwataki. Mimi siwezi kumlaumu.

— Kumlaumu nani kwa lipi? alisema Mama Kahawa. Walioweka kufuli walaumu. Lakini yule mtoto hakuweka kufuli.

— Alikuwa anasema na wakubwa wa wakati ule. Hakuwa anamsema mtoto huyu.

— Alisema mtoto. Hakusema mkubwa.

— Wakati ule wengi walikuwa wanasema hivyo, alisema Redio. Yalikuwa mambo ya wakati.

Mama Kahawa aliweka birika chini. Ni mama asiyependa kuweka birika chini, kahawa inapoa.

— Wakati gani huo? Kinyozi alipooa, nilikuwa namimina hapa hapa nilipo. Wewe Redio ulikaa hapo. Kocha hapo. Ulisema, Redio, watoto watakuwa hawajui waende upande gani. Kocha akasema watakuwa kama shati la kuazima. Wakili akasema sheria inaruhusu ila busara inakataa. Halafu mkaenda harusini, mkala, mkacheza mpaka mkalowa. Leo mnamtafutia Nyundo promota na mafua. Nyie nani aliwaandikia?

Kila mtu akaona kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake. Mimi pia, ingawa changu kilikuwa kitupu.

— Tulikuwa tunaongea tu, alisema Kocha baadaye.

— Na yeye labda alikuwa anaongea tu, alisema Mama Kahawa, akabeba birika lake.

Kijana wa benki alitoka akijipapasa kisogo, akaondoka mbio. Ndani tukamwona Kinyozi amesimama mbele ya picha. Aliigusa fremu pembeni, akainyoosha. Akaachia. Akaigusa tena kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuishusha, akasimama hivyo hivyo.

— Anaishusha, alinong'ona Redio.

— Anaifuta vumbi, alisema Wakili.

Hatukupata kujua, maana shemeji alikuwa ameshafika. Tulimsikia kabla ya kumwona. Anasalimiana na kila kibanda, ndivyo alivyolelewa. Alikuwa amempakata mtoto ubavuni, na nywele za mtoto zimesimama kama zimesikia habari.

— Mashemeji, hamjambo.

— Hatujambo, shemeji, tukajibu kwa pamoja mno, kama darasa lililofanya kosa.

— Mbona leo kimya hivi? Nani kafungwa?

— Hakuna mechi leo, alisema Kocha.

— Basi kuna jambo, alisema, akacheka kidogo, akaingia.

Kinyozi alikuwa ameshaiachia fremu. Alichukua kibao cha watoto, kile anachokilaza juu ya mikono miwili ya kiti ili kichwa kidogo kifikie kioo. Akakipangusa, ingawa kilikuwa safi. Shemeji akamkalisha mtoto juu yake, akachukua shuka, akamfunga mwenyewe shingoni. Fundo likaenda upande. Kinyozi akanyoosha mkono alirekebishe, akaiona ile picha kwenye kioo, akaurudisha mkono.

Sisi wa benchi tulikuwa tumeinama wote upande mmoja ili tuone ndani. Waya wa mguu ukalia.

— Ingieni tu, alisema shemeji bila kugeuka. Mtavunja benchi.

Tukaenda mlangoni, tukasimama pale na vikombe vyetu. Mtoto alikuwa ameona kioo. Kwanza alijiona mwenyewe, akashangaa. Halafu akamwona yule mwingine juu ya bega lake, naye yuko kitini na shuka shingoni, mikono kwenye kiti, amekaza uso. Akamnyooshea kidole kilicholowa mate.

— Niliyasikia, jana, shemeji alimwambia mumewe. Unajua niliyasikia.

— Najua.

— Na habari ya baba yako naijua. Alinisimulia yeye mwenyewe, kwenye kiti hiki, akinikata nywele za mbele kwa ajili ya harusi. Alilia. Mimi ndiye niliyemshikia mkasi.

Kinyozi hakuwa amewahi kuambiwa hilo. Ilionekana.

— Nataka kuuliza kitu kimoja tu, alisema shemeji, na sasa alitugeukia wote, kwa upole, kama anavyowauliza watoto anaowafundisha chekechea. Nyinyi mnamjua kuliko mimi. Huyu bwana angeingia hapa sasa hivi, ana haraka zake, ana ubingwa wake, amkute mwanangu ndiye yuko kitini. Angesubiri zamu yake?

Wakili alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta lile neno refu la mahakamani, akalikosa. Kocha akamwangalia Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliondoa kile kiredio sikioni, kana kwamba jibu lingetoka upande mwingine.

— Pale kwenye picha, alisema hatimaye, anasubiri.

— Pale anasubiri haki yake, alisema shemeji.

Mama Kahawa alipita katikati yetu akakusanya vikombe, hata vya waliokuwa hawajamaliza. Kinyozi akageuka, akanyanyua mikono yote miwili kuelekea kwenye fremu.

— Iache, alisema mkewe.

— Kwa nini?

— Mwache akae hapo. Aangalie mtoto ananyolewa.

Kinyozi alishusha mikono. Kwenye kioo walikuwa wawili, mkubwa na mdogo, kila mmoja na shuka yake na fundo lake limekwenda upande. Tulimtazama Kinyozi tukisubiri aseme kitu, maana duka ni lake, na mtoto ni wake, na picha ni ya baba yake.

Akawasha mashine.