Kasereka Akitoka, Banabakia Bangapi?

Ku kona ya barabara ya Mavivi, hapa Beu, iko banc moja ya mbao, na pembeni ya banc niko mimi na thermos yangu ya kahawa. Jina yangu ni Kavuo, lakini bote bananiitaka Mama Paluku. Bao banaikalaka ku banc ni batatu. Abdias tunamuita Ministre, juu anajibuka kila kitu, hata bila kuulizwa. Gamaliel ni Pasteur: kanisa hana, Biblia iko nayo. Mathe ni Tshukudu, juu anasukumaka mbao toka Butembo na tshukudu yake, ile kinga, baiskeli ya miti ya kusukuma. Vita ilikuwa ingali, mais ile wiki bunduki zilinyamaza, donc bwanaume balipata wakati ya kubishana. Na siku ile balibishana juu ya mutoto wangu.

Kakule iko na miaka sita, première primaire. Mwalimu wake, Mademoiselle Jokébed, alimupatia zéro ku hesabu. Akanitumia neno: kama hajue kutoa, atarudishwa ku maternelle, kwa batoto badogo. Midi, saa sita, masomo ikiisha, mwalimu atapita hapa anipe jibu.

Pasteur: Lakini zéro ya nini?

Mimi: Ya majina.

Ministre: Majina na hesabu, wapi na wapi?

Ilibidi nibafasirie. Basoda balilalaka mu école musimu muzima ya mvua. Balipikia na mabanc, mabanc ikaisha, bakachoma na vijiti za batoto za kuhesabia. Sasa mwalimu anahesabishaka na majina yetu. Kwetu Banande, kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo. Mutoto anakujaka mu classe amekwisha kuijua.

Tshukudu: Akili mingi! Kidole moja haiue chawa.

Ministre: Methali hiyo inaingia wapi?

Tshukudu: Inaingia. Ni ya kuhesabu vidole.

Mimi: Basi mwalimu aliuliza: «Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule beko ku nyumba. Kasereka anatoka. Banabakia bangapi?» Classe yote ikasema batatu. Wangu akasema bane. Aliulizwa mara tatu. Bane.

Bwanaume bakaangalia vikombe. Kasereka wangu alitoka kutafuta kuni ku njia ya Mavivi, basoda bakamupandisha camion, lori yao. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Sasa ni miaka mbili. Bote batatu banajua, na ku ile banc hakuna mwenye kutaja ile jina mbele yangu. Ningependa bataje. Bao banazunguka tu.

Ministre: Makosa ni ya Kifaransa.

Pasteur: Ah bon?

Ministre: Muzungu mwenyewe anachokaka ku soixante, ku sitini. Akifika ku themanini anasema «ine makumi mbili». Kichwa ya mutoto haiwezi kubeba ile muzigo! Nitaandikia serkali.

Tshukudu: Serkali gani?

Ministre: Serkali ya inchi.

Tshukudu: Iko ngapi?

Ministre alifungua mukono. Ya Kinshasa. Ya Goma. Ya Gbadolite. Ya huku kwetu. Alibakia anaangalia kidole ya tano, akairudisha mu mufuko.

Pasteur: Mimi nasema kuhesabu batu ni zambi. Mufalme Daudi alihesabu batu yake, tauni ikaingia. Na siye, kabla ya vita, batu ya serkali habakupita na makaratasi mu kila nyumba, bandugu bangapi, batoto bangapi? Njo hii vita! Mutoto anakataa kuhesabu batu sababu Roho anamukataza.

Mimi: Hakukataa. Alihesabu. Alisema bane.

Tshukudu: Munipe mimi ule mutoto siku moja. Ninatokaka Butembo na mbao kumi na mbili. Barrière ya kwanza, kizuizi ya barabara, basoda banatoa moja. Barrière ya pili, moja. Huku ninafika na kumi. Mwalimu muzuri wa kutoa ni barrière! Haba na haba hujaza kibaba.

Pasteur: Kibaba ya nani?

Tshukudu: Ya basoda.

Bakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yao. Nilikuwa najua ule mutoto alitoa wapi bane yake. Kila mangaribi ninawekaka sahani ine za batoto. Ya Kasereka ninaifunika. Asubui tunaigawa. Miaka mbili Kakule anaona vile. Sasa anarudishwa ku maternelle juu yangu.

Midi Mademoiselle Jokébed akafika, miguu yote vumbi, kahier chini ya mukono.

Jokébed: Wasibire, Mama Paluku.

Mimi: Wasibire, Mwalimu. Ikala.

Ministre akamuachia nafasi. Nikamumiminia kahawa. Hakuinywa.

Jokébed: Leo nilimuuliza tena, yeye peke. Nilitafuta maharagi. Ine, toa moja? Tatu, mbio mbio. Na machungwa? Tatu. Na mbuzi? Tatu. Nikasema, haya: Kasereka anatoka. Akaniangalia, akasema bane. «Atarudi kula.»

Akafungua kahier, akaiweka ku banc.

Jokébed: Sasa munisaidie, nyiye bakubwa. Hapa ku kahier nimeandika «amekosa». Alikosa nini?

Pasteur alishika Biblia, hakuifungua. Tshukudu aliangalia barabara. Ministre, mwenye kujibuka kila kitu, alinigeukia mimi.

Mimi: Mwalimu, si yeye. Ni mimi ninawekaka ile sahani.

Jokébed alilambisha kidole mate, akafuta ile zéro mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Jokébed: Atabakia première. Na toka kesho nitahesabisha na maharagi. Mu classe yangu iko ba-Kasereka saba, Mama. Sitamutoa tena hata moja.

Tshukudu alinyoosha kikombe. Nikainamisha thermos: tone moja, basi. Kahawa iliisha. Ministre akaniuliza, sauti ya chini:

— Mama Paluku, Kasereka alikuwa anapenda nini?

— Sombe, nikamujibu. Sombe na samaki.

Nikatwanga majani ya muhogo, nikapika sombe. Mangaribi nilimuachia Kakule kazi ya kupanga sahani, mimi nikasimama ku mulango. Alipanga ine, akatafuta kifuniko.