Chaza wa Upande Safi

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Bi Maabara, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki, akasoma msingi na sekondari papa hapa mjini, akahitimu chuo mwaka 1989, akaajiriwa maabara ya bahari, chumba kile cha ghorofani chenye matangi yanayovuja, na tarehe 14 Agosti 1993 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa friji, wakajaliwa mabinti wawili, na nyumba yao haikukosa vicheko, maana dada alikuwa mtani hasa.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi kadimiamu na risasi, metali za sumu kutoka kiwanda cha betri, zinavyowadhuru chaza, na aliyaona kwa macho yake, matamvua ya kupumulia yameharibika, pumzi nzito, magamba membamba, mayai yanayokufa. Ili kulinganisha, walichukua chaza wengine ng'ambo ya ghuba, upande walioambiwa ni safi, na waliobaki baada ya vipimo dada alikuja nao nyumbani, akawapika, akala na wanawe, nao wakakua wakila. Kiwanda nacho kikajitetea kwamba hata wale wa upande safi ni wagonjwa, basi kosa ni joto la maji. Kumbe wenye kiwanda walikuwa na bomba la pili la kumwaga taka, limepita chini ya maji hadi upande huohuo safi, na mpiga mbizi aliyelikuta mwaka 2019 alikuwa akitengeneza gati tu. Walijua, jamani. Walimpa dada mkono mikutanoni, wakamsifu kwa kazi nzuri, na walijua.

Mwaka 2020 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakakuta figo zimeharibiwa na kadimiamu ileile, na neno lake lilikuwa moja, "Nimewalisha wanangu kwa mkono wangu." Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, na mabinti bado wanasubiri majibu yao ya vipimo.

Jana kiwanda kilimtuma mtu na tai yake, akatuomba tusome tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Tumesoma mliyoyasikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara, ambao baadhi yenu mlikula chaza walewale, tafadhali nendeni mkapimwe. Kiwanda hakimo katika shukrani hizi, shada la maua walilolileta leo tumeliweka nje getini, walichukue wakiondoka.

Dada, kazi yako uliifanya vizuri, wewe hukukosea, pumzika.