Mishale ya Modeste na Mlango Wangu

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, mtoto wangu Modeste amestaafu kazi ya kurusha mishale huko Denmark, baada ya miaka kumi na saba. Hii ni mara ya tatu anastaafu. Mara ya kwanza tulichinja mbuzi hapa kambini Nakivale, Uganda, na Jumatatu yake akarudi kucheza. Mara ya pili tulinunua soda tu. Safari hii kamati imeniomba mimi mama yake niandike wasifu huu wa programu ya sherehe, maana wengine wote wamechoka kuuliza ni kazi gani.

Basi naeleza kwa mara ya mwisho. Mtu anasimama mbali kidogo na ubao wa duara wenye namba, anarusha vimishale vitatu, watu wanapiga makofi, na analipwa. Ndiyo, analipwa. Hapana, si uwindaji.

Alianza akiwa na miaka tisa, na spoku za baiskeli alizofungia manyoya ya kuku, kuku wangu. Ubao wake ulikuwa mlango wangu, ule ambao marehemu baba yake alituchongea mwaka tulipofika kutoka Fizi, Congo. Nilimchapa, nilimnyima chakula cha jioni, nilimpeleka kwa Pasta Vénant. Kazi bure. Matundu yako mingi mpaka leo, na kila mgeni ananiuliza kwa sauti ya chini kama ni risasi. Si risasi. Ni Modeste.

Akiwa na miaka kumi na nne alikwenda Denmark na baba yake mdogo, mimi nikabaki kumtunza bibi yake aliyekuwa hawezi kutembea. Nilitegemea atasoma udaktari. Akatuma picha ameshika mshale. Lakini lazima niseme ukweli: amekuwa bingwa wa nchi ile mara mbili. Mtoto wa hapa Base Camp, aliyekua kwa uji wangu, anawashinda Wazungu kwa mchezo wao wenyewe, na uwanja mzima unaimba jina nililompa mimi. Nani mwingine katika kambi hii ana mtoto kama huyo? Nangoja jibu.

Kosa lake kubwa ni kutoeleza mambo. Mchezo ule unaanza na mia tano na moja, kisha unashuka. Anayefika sifuri wa kwanza ndiye mshindi, na lazima afike sawasawa. Akipitiliza, wanamrudisha pale alipokuwa kabla ya kurusha vile vitatu. Hayo hakutuambia. Kwa hiyo mwaka ule alipocheza nusu fainali na Mwingereza, sisi bamama wa chorale ya kanisa tulifunga siku mbili, tukapanda gari mpaka Mbarara, tukakaa kwenye kibanda cha video cha mtaa wa Kakoba na vitenge vyetu vya sare, katikati ya vijana wa bodaboda waliotaka mpira.

Namba ya Modeste ikashuka mpaka mia mbili. Tukaanza kulia. Ikafika arobaini, kisha kumi. Libérate, kiongozi wetu wa maombi, akapiga magoti na kumwomba Mungu ainue namba ya mtoto wetu. Modeste akarusha, akapitiliza, na namba ikaruka kutoka kumi mpaka arobaini. Tulicheza mpaka viti vikaanguka. Mwingereza akamaliza mchezo. Usiku ule Modeste akapiga simu kuuliza tulikuwa tumeomba nini hasa. Tangu siku hiyo tunajua la kuomba, lakini Pasta Vénant amekataa kabisa kumwombea mtu abaki na sifuri, na Libérate hajaniomba msamaha, anasema Mungu alimjibu.

Mwaka juzi mkono ulianza kugoma. Anainua mshale, analenga, vidole vinabana, haviachii. Wachezaji wanaujua ugonjwa huo. Mwaka mzima alinificha, nikiuliza ananiambia network ni mbaya. Ni mke wake Bénédicte aliyenieleza. Nilikasirika siku nne, halafu nikalia.

Ijumaa anafika Mbarara, Jumamosi yuko hapa. Mimi sijawahi kumwona akirusha kwa macho yangu haya, bila video, tangu zile spoku, na wakati ule nilikuwa nakimbia na fimbo, sikuangalia. Nikamwambia kwa simu nitatundika ule ubao aliotuma zamani, ambao nilikuwa naanikia samaki wa ndagala. Akasema: "Mama, usiutundike. Mkono ukikataa mbele ya batu wote wale, uso nitaupeleka wapi?"

Nimeutundika. Unanuka kidogo. Uko kwenye mlango ule ule.

Modeste, asante kwa miaka kumi na saba, kwa makombe mawili, na kwa bati la nyumba hii. Tunakuombea maisha marefu, usingizi wa kutosha na mkono uliotulia, na tafadhali, usistaafu tena. Batu nitawapeleka kula kwa Libérate. Tutabaki mimi na wewe. Ukirusha, nitaangalia. Mkono ukikataa, ukatae hapa, fasi ulipoanzia. Mlango huo umekwisha kukuona ukikosa, na bado unafunguka.

Mama Modeste