Kauko Sirviö, Mshipi wa Kwenye Friza na Fimbo Laini

Alimpata! Jamani, kabla ya mambo mengine, mjue kwamba tarehe 6 Novemba 2021, theluji ikidondokea mpaka ndani ya kikombe cha kahawa, Babu Kauko alimtoa samaki aina ya trauti wa kilo tisa na kitu kwenye Ziwa Päijänne. Bibi Raili alipiga kelele mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu.

Marehemu Kauko Sirviö alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa hapa Sysmä. Alisoma shule ya kijijini, na kila majira ya baridi alienda shule kwa ski, mbao za kutelezea thelujini, akipita juu ya ziwa lililoganda. Aliwaambia wazazi ni njia ya mkato. Kumbe ilikuwa ndefu kuliko barabara, alikuwa anapita kuchungulia matundu ya wavuvi kwenye barafu.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao, akinoa misumeno mpaka alipostaafu 2010. Huko ndiko alikokutana na Mzee Oiva Huttula. Wakawa watu wa boti moja. Kila vuli walivuta chambo nyuma ya boti taratibu mpaka barafu iwafukuze.

Tarehe 24 Juni 1972 alimuoa Bibi Raili, wakampata mama yangu, Marketta. Bibi anasema ndoa ilitikisika mara moja tu, kwa sababu ya friza. Wakati ule wavuvi wote walikuwa wamehamia mshipi wa kuvulia wa nyuzi za kusokotwa, na Babu akaona unakunywa maji, unaganda, halafu barafu inaziba pete za fimbo unamopita. Akasema atarudi kwenye nailoni, ila ipi? Nyingine kwenye baridi zinajikunja kama springi ya kitanda. Basi akawa anagandisha vipande vya kila aina kwenye friza, katikati ya beri za Bibi, vitunda vya msituni, halafu anavizungusha kidoleni kuona kipi kinanyooka.

"Kauko! Nimekuta mshipi kwenye uji wa beri!"

"Wa rangi gani?"

"Wa rangi gani? Mume wangu, nimeuuma!"

"Ulikuwa mgumu au laini?"

Ulikuwa laini. Ndio huo alioutumia mpaka mwisho: nailoni laini, nene kidogo. Alimwambia mtu mmoja tu, Mzee Oiva.

Oktoba 2017, kwenye mashindano ya kufunga msimu, Mzee Oiva aliingia na mwenzake mwingine bila kumwambia Babu. Akashinda. Akashika maikrofoni: "Huu mshipi nimeutafuta miaka mingi, kwenye friza langu mwenyewe." Yaani! Mzee Oiva hana friza. Kila mwaka nyama yake ya paa ilikuwa inalala kwetu. Babu alikuwa amesimama pale pale na andazi la iliki mkononi. Akasema, "Hongera, Oiva." Basi.

Kwenye gari Bibi alikuwa anawaka. "Si ungesema kitu!"

"Nimesema."

Babu na Mzee Oiva hawakuongea tena. Babu alimpandisha Bibi botini ashike usukani, na hapo ndipo alipogundua la pili, la fimbo. Samaki wa maji baridi anauma kivivu, fimbo ngumu inamng'oa ndoana mdomoni. Ukichukua fimbo ndefu ya faiba, laini mpaka katikati, yenye pete pana zisizozibwa na barafu, inapinda na kumsubiri. Fimbo hiyo ndiyo iliyomleta yule wa kilo tisa.

Aprili 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Hospitalini kila mlango ukifunguka aligeuza kichwa. Mzee Oiva hakuja hata siku moja. Wiki ya mwisho Babu akaniambia, "Iiris, wewe na simu yako. Andika ya mshipi na ya fimbo, wape watu wote."

Bibi akaruka. "Wote? Hata yule?"

"Hata yule. Anatumia fimbo ngumu, Raili. Anachana midomo ya samaki."

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bibi.

Leo mazikoni shada la Mzee Oiva limefika na gari la duka la maua, mwenyewe hajaja kusoma kwa sauti maneno ya utepe wake, kama ilivyo desturi yetu. Bibi amekataa mtu mwingine asome utepe wake. "Maneno yake, mdomo wake," kasema.

Ameacha mjane, Bibi Raili, binti, Marketta, wajukuu, mimi Iiris na mdogo wangu Otso. Babu, pumzika kwa amani, umechoka na baridi.

Tafadhali, mkimaliza kahawa msiache karatasi hii mezani. Mpeni mvuvi mwingine, au ipigeni picha mtume. Na mwenye namba ya Mzee Oiva amtumie pia, kwa sababu hii ya fimbo bado haijui.