Ua la Pili la Papa Placide

Tangu gari litoke Luberizi, dereva Rénovat alikuwa amezima redio, maana mazungumzo ya abiria wawili wa kiti cha nyuma yalikuwa matamu kuliko muziki. Papa Placide alipakata ua la majani mapana yenye michirizi, lililopandwa ndani ya kopo la maziwa. Mama Anne-Marie, mkulima wa mpunga, alikuwa amemjua kwa nusu saa tu, na tayari alikuwa anamgombeza juu ya ua jingine, la mke wake.

"Weye uliosha ua ya kweli na sabuni?"

"Kila samedi, siku ya usafi, bibi anaoshaka maua ya mu saloni, Mama. Yeye alienda ku arusi Bukavu. Minye nikaosha yote, ya plastiki na ile ya kweli, nikaanika ku jua."

Rénovat aliuma mdomo asicheke.

"Kumbe ile haipendi jua, haipendi maji ya robine, ya bomba, inataka ya mvua tu. Ikakauka. Hii nimepewa na masista. Jioni inakunja majani kama muntu anasali, sawa na ile. Bibi anafika leo. Hatajua."

"Umwambie, Papa."

"Nimuhuzunishe juu ya nini, na ua iko?"

"Umwambie!"

Wakabishana kwa raha zao hadi Uvira, Papa Placide akilikinga ua kwa kofia kila jua lilipoingia dirishani. Gari liliposimama mbele ya nyumba yake, Mama Anne-Marie akauliza kwa upole, "Ile ya kwanza ilikuwa na majani ngapi?"

"Sijue."

"Bibi yako anajua."

Rénovat alimfungulia mlango. Papa Placide hakushuka. Alikuwa anahesabu majani.